Mkalimani wa Mwenye Joho

Kile kiti hakipo tena. Mwezi uliopita nilishuka Muleba kubadili gari, nikachungulia ndani ya lile banda la gemu linalotazamana na stendi, nikaona pale kilipokuwa pamepangwa kreti za soda. Vijana walikuwa wanapita kwenda na kurudi bila kujigonga magoti. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano mwenye banda alikilalamikia kiti kile. "Kinaziba njia," alisema kila siku, lakini alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu aliyekikalia alikuwa baba yake mkubwa, na huwezi kumwambia baba yako mkubwa kwamba anaziba njia.

Sisi wote tulimwita Mkalimani. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, na anayetaka kujua alizaliwa lini na babu yake alikuwa nani awaulize watu wa ukoo wake, ambao sijawahi kuwaona wakichoka kuhesabu mababu. Mimi nilimjua kwa mdomo wake. Amekufa sasa, na kibanja chake, lile shamba la ukoo, leo ni cha mwenye banda. Jinsi kilivyofika mikononi mwake ndicho kinachonifanya nikae kuandika, maana mkono wangu umo.

Kabla ya gemu alikuwa katekista, na kazi yake kubwa ilikuwa kumsemea padre. Padre wetu wa zamani alikuwa mzungu mzee, mpole, aliyeshindwa Kihaya kabisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Basi alihubiri kwa Kiingereza na Mkalimani akasimama kushoto kwake, mikono nyuma, akitugeuzia. Padre akisema sentensi tatu, yeye alisema kumi. Siku moja padre akahubiri habari za theluji ya kwao. Mkalimani alifikiri kidogo, akatuambia kwamba kwao padre iko mvua inayoanguka ikiwa imeshakufa, haina sauti, nayo hulala juu ya mapaa mpaka jua lije kuizika. Bibi yangu alilia. Nyumbani aliomba tumwombee padre, maskini, kwa nchi anayotoka.

Inasemekana padre alimuuliza mara moja kwa nini mahubiri yake yalirefuka hivyo yakipita kwake. Mkalimani akamjibu, "Padre, ulisema kifupi mno. Watu wametoka mbali."

Lakini padre alizeeka akarudishwa kwao, na aliyekuja alikuwa Mhaya, mtoto wa hapa hapa, asiyehitaji mdomo wa mtu mwingine. Mkalimani akawa anakaa benchi la mbele kama waumini wote. Midomo yake ilikuwa inacheza wakati wa mahubiri. Bila shaka alikuwa anayarefusha.

Alikuwa na mabinti, wote wameolewa, na mtoto mmoja wa kiume. Huyo mtoto ndiye aliyeileta mashine ya gemu. Alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akarudi bila kazi, akiwa na mashine kwenye boksi, na diski za kudurufu kwenye mfuko wa rambo. Mkalimani alipoiona inawaka sebuleni kwake, chini ya msalaba, alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Toa hilo pepo nyumbani mwangu," alisema.

"Tata, ni mchezo tu."

"Mchezo ni wa watoto. Wewe ni omusika wangu. Chukua mundu uende kwenye migomba."

Omusika ni mrithi, yule anayekalishwa kwenye kiti cha baba siku ya kumaliza matanga, akakabidhiwa mundu na kibanja chenye migomba, kahawa na makaburi ya waliotangulia. Kwetu kijana hakichagui kile kiti, kinamchagua yeye. Huyu akasema hakitaki. Baba akasema maneno ambayo baba wengi wameyasema, tena wakiwa na hakika kabisa kwamba hayatafuatwa: "Kama hukitaki, njia unaijua."

Kijana aliijua. Kesho yake asubuhi alimwachia mtoto wa baba yake mdogo mashine na diski zote, akapanda basi la kuelekea Biharamulo. Ujumbe mmoja ulikuja kwenye simu kusema yuko machimboni na ni mzima. Baadaye namba ile ikawa haipatikani. Mundu wa mwanawe Mkalimani aliutundika juu ya mlango, ndani, na hakuruhusu mtu auguse hata kwa kunoa.

Mtoto wa mdogo wake ndiye aliyefungua banda. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa naingia pale baada ya shule, msichana peke yangu kati ya wavulana ishirini, nikiwa nimevua sweta la shule nikadhani hakuna atakayenijua. Wengi walicheza mpira. Wachache walikuwa na mchezo mwingine kwenye runinga ya pembeni, wa mtu mmoja mwenye joho jekundu lililochanika begani, kofia ya joho imemfunika uso, anatembea nchi kubwa yenye mlima wa vichwa viwili. Kila sehemu ya mchezo alianza hana kitu. Alikuwa na fimbo tu, na mvua inamnyeshea. Jina la Kiingereza la mchezo hatukuweza kulitamka. Tuliuita Mwenye Joho. Ulikuwa unachosha mno, maana kila baada ya hatua kumi alikutana na mtu mwenye maneno mengi, na maneno yote yalikuwa Kiingereza.

Siku Mkalimani alipoingia banda likanyamaza. Tulijua chuki yake. Alitazama mashine, akamuuliza mtoto wa mdogo wake, "Ndiyo ile?"

"Ndiyo, tata."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, cha mbao, chini ya dirisha. Kwenye runinga ya pembeni mvulana mmoja alikuwa amekwama mbele ya kikongwe mwenye taa, anabonyeza tu ili maneno yapite. "Unamkatisha mtu mzima," Mkalimani akamkemea. "Rudisha. Anakwambia usivuke mto kwa sababu daraja limelaaniwa na mwenye nalo. Anakuuliza mama yako anajua uko huku?"

Mvulana akarudisha. Hakuvuka mto. Mkalimani akasogeza kiti, akavaa miwani, na tangu siku ile hakukosa.

Mnawajua wale wanaotafsiri muvi kwa Kiswahili, wanapiga kelele juu ya milio ya bunduki. Huyu hakupiga kelele. Alichanganya Kiswahili na Kihaya, kila mtu kwenye mchezo akampa sauti yake na adabu yake. Mfalme wa mji uliozama aliongea kama mzee wa ukoo anayesuluhisha mpaka wa kibanja. Mashetani aliyafanya yaongee Kiingereza. Mama aliyekuwa anauza karanga pale nje alianza kuja na kapu lake ndani, akafuatwa na makonda, akafuatwa na fundi baiskeli. Hawa hawakushika pedi ya kuchezea hata siku moja. Walikuja kusikiliza, na mwenye banda, ambaye alitakiwa awafukuze, aliwaongezea benchi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushika pedi. Alisema vidole vya mtu aliyefundisha sakramenti havifai kubonyeza vile. Lakini mchezaji yeyote wa Mwenye Joho hakuanza kabla hajapewa punje mbili za kahawa ya kutafuna, kutoka kwenye kikopo alichokuwa nacho mfukoni. "Huanzi safari na kinywa kitupu," alisema. Mpaka leo siwezi kufungua mchezo wowote bila kuionja kahawa mdomoni.

Alikuwa mtu mkweli kwa kiwango cha kukera. Akirudishiwa chenji iliyozidi alirudi sokoni nayo, hata kama kunanyesha. Aliwahi kusimama misani kusema kwamba mchango wa jumuiya aliousoma Jumapili iliyopita ulikuwa na kosa na kosa lilikuwa lake. Aliwachukia wavivu, na aliwahutubia wavulana juu ya uvivu huku amekaa kwenye banda la gemu tangu saa nne asubuhi. Tulimcheka kwa hilo. Mwenye banda aliwahi kuthubutu kumuuliza, naye akasema, "Mimi nipo kazini."

Kazi yenyewe ilichukua muda tuielewe. Dirisha lile lilitazama stendi. Basi lililotoka upande wa Biharamulo likisimama, Mkalimani aliinua mkono. Hata kama Mwenye Joho alikuwa katikati ya vita, hata kama nyoka wa ziwani alikuwa amebakiza pigo moja, ulitakiwa usimamishe mchezo. Banda zima lilikaa kimya. Yeye alitazama abiria wanavyoshuka, mmoja mmoja, wenye mabegi, wenye kuku, wenye watoto mgongoni. Konda akifunga mlango alishusha mkono. "Endelea," alisema.

Kwa miaka yote ile hakuna mchezaji aliyekataa. Wavulana waliokuwa wanapigana kwa ajili ya bao la kuotea walisimamisha mchezo kwa ajili ya mabasi yasiyowahusu. Nimewasamehe mengi kwa sababu ya hilo.

Diski ya sehemu ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo. Ukimfikisha Mwenye Joho kwenye lango la mwisho, chini ya mlima, picha inaganda. Tulijaribu dawa ya meno, tulijaribu pamba na spiriti, ikaganda vilevile. Hivyo hatukujua kilichokuwa nyuma ya lango. Mkalimani akasema amezuiliwa, wanamuuliza ukoo wake, watamfungulia. Tukangoja. Baada ya mwaka mtu akaleta sehemu ya pili kutoka Kampala.

Siku ya kuifungua banda lilijaa mpaka mlangoni. Yalitokea maandishi meupe juu ya weusi, mistari michache tu. Mkalimani aliyasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena. Mama wa karanga akasema, "Anasemaje, waitu? Tumengoja mwaka mzima."

"Anasema bado yuko njiani," Mkalimani akasema.

Tulishangilia kama tumefunga bao. Tena mvua, tena fimbo, tena joho lililochanika. Kuanzia hapo ikawa hadithi moja ndefu ya mtu mmoja. Alitoka kwao kwa hasira, amesahau hasira, anatafuta njia ya kurudi, na kila anapokaribia mlima wenye vichwa viwili dunia inamvuruga njia. Nyuma ya mlima, alisema Mkalimani, pana nyumba, na mlangoni pana mtu mzee. Nyumba hiyo hatukuiona kwenye runinga, na hatukuhitaji kuiona.

Sehemu ya tatu ikaja, ya nne, ya tano. Michezo mingine ilikuja pale na ikachosha baada ya mwezi, lakini huu haukuchosha, na mjadala wa sababu ulikuwa haukatiki. Fundi baiskeli alisema ni kwa sababu ukifa unarudi. Konda mmoja alisema ni picha nzuri, akazomewa, maana runinga yetu ilikuwa na mstari wa kijani katikati. Mama wa karanga alisema mpira unaisha kwa dakika tisini na huyu haishi. Wakamgeukia Mkalimani.

"Kwa sababu hajafika," akasema. "Mtu akifika, wanaomngoja wanaenda kulala."

Wakati huo ukoo ulikuwa umeanza kumwandama. Kila Krismasi, watu wakishakuja nyumbani kutoka Dar na Arusha, wazee walikaa sebuleni kwake na kumuuliza swali lilelile: anamtaja nani mbele yao kuwa omusika, akiwa bado ana ulimi? Kijana hajulikani alipo. Mtu akifa bila kusema, watoto wa ndugu watagombana, na kibanja cha ugomvi hakizai. Aliyekuwa anakipalilia kwa siri alikuwa mwenye banda. Aliamka alfajiri, akaenda kijijini kukata majani makavu na kuchuma kahawa ya baba yake mkubwa, akarudi kufungua banda. Wazee walimtaka huyo. Mkalimani aliwasikiliza, akawapa kahawa ya kutafuna, akawajibu neno moja kila mwaka: "Mwenye kibanja yuko njiani."

Ndipo mnyauko ukaingia. Uliingia kwa majirani kwanza, akadhani umempita. Majani yakawa ya manjano, yakalegea, ndizi zikaoza ndani zikiwa bado mkunguni, na ukikata shina linatoa usaha. Watu wa kilimo walisema ng'oa, fukia. Mwenye banda aling'oa migomba aliyoikuta babu yake, mashina mamia, na Mkalimani akasimama nje akimwambia aache ule, na ule, ule hauna kitu. Yote ilikuwa nao. Baada ya mwaka nyumba yao ilibaki kwenye jua. Kama hujakulia ndani ya kibanja hutajua ninachosema. Nyumba zetu hazijazoea kuonekana kutoka mbali. Mwenye banda akaenda kukodi shamba Ngenge alime mahindi, akawa anagawa siku zake kati ya Ngenge, banda, na kaburi la mke wa Mkalimani, ambalo sasa lilihitaji kuezekwa kwa sababu halina kivuli.

Hata hapo wazee walipewa jibu lilelile.

Mimi nilikwenda chuo. Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza, nafundisha Bukoba mjini na kuishi Ijuganyondo, na ugonjwa wa walimu wa Kiingereza ni kusahihisha. Nasahihisha mabango ya saluni. Nasahihisha kadi za harusi kabla sijatoa mchango. Chuoni, mwenzangu wa bwenini alikuwa na Mwenye Joho wote kwenye kompyuta, diski safi, hakuna mkwaruzo. Nikatafuna kahawa nikakaa. Kwa mara ya kwanza nikapita lile lango.

Nyuma ya lango hakuna nyumba. Kuna theluji. Mwenye Joho anakaa chini, anainamisha kichwa, theluji inamfunika, na kinachobaki ni joho. Basi, mwisho. Nikafungua sehemu ya pili, nikasoma yale maandishi meupe aliyoyasoma Mkalimani siku ile banda limejaa. Yanasema: miaka mia imepita, yule wa kwanza hakurudi, joho limepata bega jingine.

Nilicheza zote tano usiku na mchana wa likizo ile, nikitafuta nilipokosea. Sikukosea. Kila sehemu ni mtu mwingine. Sura imefunikwa, hivyo huwezi kujua kwa macho, lazima usome. Naye alisoma, mara mbili, akafuta miwani, akageuka akatudanganya.

Nilikasirika. Sijui kwa nini hasira ilikuwa kubwa vile. Labda kwa sababu niliposoma ile theluji nilisikia sauti yake kanisani. Nilirudi Muleba nikamvuta mwenye banda nyuma ya kibanda na kumweleza yote, kwa kidole, kama namkaripia mwanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Nilipeleka yale maneno kwa mwalimu wa sekondari anisomee, ile ile wiki."

"Na ukanyamaza? Miaka yote? Wewe ndiye unayepalilia kile kibanja!"

"Dada, usimwambie."

"Lakini anajua! Alisoma mwenyewe!"

"Kujua ni kwake. Kuambiwa ni kitu kingine," akasema. "Niahidi."

Nikamwahidi. Mtu aliyekuwa na kila faida ya ukweli alikuwa ananiomba niufiche, na mimi nisiye na faida yoyote nilikuwa nauchukia uongo. Hapo ndipo ningejifunza kitu kama ningekuwa mwanafunzi mzuri.

Sasa wanafunzi wangu nao wanaucheza. Wamefika sehemu ya saba, kwenye simu, picha zinang'aa, na nchi ni kubwa kiasi kwamba wanapotea ndani yake muhula mzima. Niliwapa insha: kwa nini hamuuchoki mchezo huu wa miaka yote? Waliandika kuhusu mapigano, siri, na uhuru wa kwenda popote. Niliwapa alama zao. Mimi nina jibu langu na sikuwaandikia. Hauchoshi kwa sababu waliouunda wanajua kumwacha mtu. Wanamzika kwa mstari mmoja, wanampa mwingine joho, mlima ni uleule, mvua ni ileile, na mchezaji anaendelea bila hata kuuliza. Tungeuchoka vipi? Ndivyo tunavyoishi. Namjua mtu mmoja tu aliyekataa kuucheza hivyo, na yeye hakuwahi kushika pedi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi. Macho yalikuwa yameisha. Presha ya macho, walisema hospitali, na walisema amechelewa. Alikuwa haendi tena bandani, lakini kiti kilibaki dirishani, na mwenye banda alikuwa anainua mkono badala yake basi likija. Wateja wapya hawakujua ni kwa nini. Walisimamisha tu.

Nilimkuta sebuleni, mlango wazi, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu mahali ambapo zamani palikuwa giza saa sita mchana. Mundu ulikuwa juu ya mlango, na kutu. Nje mwenye banda alikuwa anachanja kuni za ugeni wa ukoo, maana wazee walikuwa wanakuja Jumapili. Safari hii, alinong'ona tulipopishana, wamesema hawataondoka bila jina.

"Ni mwalimu," Mkalimani akasema kabla sijamsalimu. "Nasikia viatu. Umeniletea?"

Nilikuwa nimemwahidi kwa simu. Nilifungua kompyuta yangu juu ya meza, nikaweka sehemu ya saba. Alinipa punje mbili, akatia mbili kinywani mwake. Muziki ukaanza, mvua ikaanza, nikaona ameinua uso kuelekea sauti ya mvua ile.

"Maandishi yametoka?"

"Yametoka, tata."

"Leo utanisemea wewe."

Yalikuwa mistari mitatu. Nilikuwa nimeshaisoma nyumbani, na njiani, Muleba hadi pale kijijini, nilikuwa nimeandaa cha kusema. Bado yuko njiani. Maneno matatu, yalikuwa mdomoni, pamoja na kahawa. Nikakawia. Labda nilikawia kwa sababu ya sakafu ile yenye jua, na yule mwingine nje na shoka lake, anayezeeka akipalilia kitu kisicho chake. Labda ni ugonjwa wangu tu. Natamani ningejua.

"Mwalimu," akasema polepole. "Ni yuleyule?"

Shoka nje lilikuwa linapiga, likanyamaza.

"Si yeye, tata," nikasema. "Yule wa kwanza alikufa. Hawakurudi hata mmoja. Kila mara ni mwingine."

Hakushtuka. Alitafuna mpaka punje zikaisha, akameza.

"Na wale wa kule kijijini kwao," akauliza, "wanajua kwamba si yeye?"

"Wanajua. Wao ndio wanaomvika joho."

"Wanamvika wenyewe."

"Ndiyo."

"Na wanampenda?"

Nilitazama kwenye kioo cha kompyuta. Mtu yule mpya alikuwa amesimama mvuani na fimbo yake, ananingoja nibonyeze. "Haijaandikwa," nikasema.

Alitikisa kichwa kama tulivyokuwa tukimwona akimtikisia padre, kuonyesha kwamba amesikia na sasa ni zamu yake. Lakini hakurefusha kitu. "Umetafsiri vizuri," akasema. "Hukuongeza."

Nilitaka aniite mwongo. Nilitaka anitukane, aseme Kiingereza chetu cha siku hizi hakina maana, aniambie nirudie kusoma. Nilianza kusema kwamba pengine sehemu ya nane, wakati mwingine wanabadilisha. Yeye alikuwa ameshageukia mlango.

Alimwita mtoto wa mdogo wake. Akaingia, vumbi la kuni mikononi, akanitazama mara moja, akajua. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na sitaki.

"Shusha ule mundu," Mkalimani akamwambia. "Una kutu. Utauhitaji Jumapili, wazee watakapokuwepo."

"Tata, si lazima uwe huo."

"Shusha."

Akaushusha. Akasimama nao katikati ya sebule, kichwa chini, mwanamume mzima ana machozi, huku kwenye kompyuta mvua ya mchezo ikiendelea kunyesha kwa sababu hakuna aliyekuwa ameizima.

"Na kile kiti changu pale dirishani," Mkalimani akasema, "kesho ukifungua, kitoe. Kinaziba njia."